Machela Kutoka Bwawa la Lwande

Fundi Lukumani wa Mtendeni alikuwa mtu wa kujivuna, wala hakuona haya kujulikana hivyo. Watu wa Tabora walimletea kanzu za Idi na magauni ya harusi, akawashonea wakaondoka wameridhika, lakini ukimuuliza yeye ni fundi wa nini, alikujibu: wa mahema. Marehemu baba yake alikuwa mpagazi zama za misafara. Alibeba hema la mkubwa wa msafara kutoka pwani mpaka Ujiji, na hema lilipopasuka njiani yeye ndiye aliyeketi chini akalishona. Kazi hiyo akamfundisha mwanawe. Kisha reli ikafika, misafara ikafa, Mjerumani akaondoka na Mwingereza akaingia, na Lukumani akajikuta ana ufundi mkononi ambao mjini hapana aliyeutaka tena.

Ndiyo maana siku Mwalimu Marcelina alipokuja barazani pake kuulizia mahema, fundi alisimamisha cherehani katikati ya mshono.

“Shikamoo, Fundi.”

“Marahaba, Mwalimu. Umesema mahema?”

“Mahema manne. Nataka kuwapeleka wasichana wangu wakapige kambi bwawani Lwande, likizo hii ya Juni. Bwana Miti amekwisha toa ruhusa tuingie katika msitu wa serikali, na lori la kazi za barabara litatupeleka na kuturudisha. Wavulana wanakwenda kila mwaka. Wa kwangu wanabaki hapa wakidarizi vitambaa vya meza.”

Lukumani alimtazama. Mwalimu Marcelina alikuwa binti wa wakulima Wakatoliki wa upande wa Sikonge, mwembamba, mwenye sauti ya kusikika mbali, na tangu afike mjini alikuwa amesemwa sana kwa kuwafundisha wasichana kukimbia na kucheza mpira. Fundi hakuwa na neno naye. Lakini papo hapo alikumbuka kwamba miongoni mwa hao wasichana wake yumo Zamda.

“Mahema nitakushonea,” alisema. “Binti yangu haendi.”

Usiku ule nyumbani hapakulika vizuri. Zamda alikuwa amejua habari za kambi muda mrefu na hakuthubutu kuzitaja. Sasa alikaa jikoni kimya, akigeuza geuza ugali ambao ulikuwa umekwisha kuiva. Alikuwa msichana wa maneno machache. Hata baba yake akimwuliza jambo, alijibu kwa sauti ndogo akitazama chini. Mkewe Lukumani, Mwanahawa, ndiye aliyesema.

“Unaogopa nini, Baba Zamda? Simba?”

“Naogopa maneno ya watu. Watasema binti wa fundi amekwenda kulala porini kama mrina asali.”

“Basi nenda nao. Atakayesema, atasema binti wa fundi alikwenda na baba yake. Na hayo mahema nani atayasimamisha? Mwalimu?”

Hilo la mahema lilikuwa limemgusa fundi mahali penyewe. Alijiona amekaa barazani huku mahema yake yakisimamishwa na watu wasiojua kukaza kamba, yakilegea, yakiingiza upepo, na kila apitaye akiuliza ni kazi ya nani. Asubuhi alimwambia Mwalimu kwamba atakwenda, na binti yake atakwenda.

Akashona kama hajapata kushona. Mahema matatu aliyashona kwa merikani nene. La nne, la Mwalimu na vyakula, alilishona kwa turubai la kijani alilokuwa amelitunza miaka, akalipiga mshono wa mara mbili kila pindo, na uzi wake wote akaupitisha kwenye nta ya nyuki ili maji yasipenye kwenye matundu ya sindano. Alipomaliza alilitandika uani, akalizunguka, akamwita mkewe atoke alitazame.

Bwawa la Lwande lilikuwa jipya wakati ule. Serikali ilikuwa imejenga ukuta wa udongo na mawe kati ya vilima viwili, mvua zikalijaza, na maji yakapanda mpaka ndani ya msitu wa miyombo. Miti mingine ilikuwa bado imesimama majini, mikavu, myeupe, na ndege minandi wametua juu yake wakianika mabawa. Lori lilipowashusha wasichana wale, ambao baadhi yao hawakuwa wamepata kuona maji mengi kuliko ya kisima, walisimama ukingoni wakashikana mikono.

“Mbona halina mwisho?” aliuliza mmoja, Josepha, ambaye kwao ni Wamoraviani wa Usoke.

“Lina mwisho,” alisema Zamda. “Ule pale, chini ya kilima. Kesho tutakwenda kuugusa.”

Lukumani alisikia, akashangaa kidogo, lakini alikuwa na haraka ya kuangalia vigingi.

Walikaribishwa na mlinzi wa msitu, Ngollo, mtu mnene mwenye kucheka, aliyekaa pamoja na mama yake na mkewe katika nyumba ya matofali karibu na ukuta wa bwawa. Mkewe aliitwa Apolinaria. Alikuwa mjamzito wa siku zake, mimba ya kwanza, anatembea kwa kujishika kiuno, lakini hata hivyo aliwaletea wasichana viazi vya kuchoma na kuwaonyesha mahali pa kuchota maji pasipo na matope. Siku ya pili Ngollo akaondoka na vibarua kwenda kufyeka barabara za kuzuia moto upande wa pili wa msitu. Alimwomba Mwalimu awatupie jicho watu wake.

Mahema yalisimama sawasawa, kamba zimekaza mpaka ukizigusa zinalia. Kila asubuhi fundi aliyakagua yote, na wasichana walijifunza kumsalimu kwanza ndipo waombe radhi kwa kujikwaa kwenye kamba. “Shikamoo, Baba Zamda, nimeng'oa kigingi.” “Marahaba. Kirudishe, na ukiinamishe nje, si ndani.” Waliogelea karibu na ukingo, walivua perege kwa ndoana, walipanda kilima wakaona Tabora ilivyojificha mbali katika ukungu wa vumbi. Lukumani alikaa kivulini na chai yake akijiambia kwamba marehemu baba yake angeona kambi hii angeridhika.

Asubuhi ya tatu, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kukaza kamba za hema la kijani alipomwona mama yake Ngollo anakuja mbio, khanga imemporomoka mabegani. Bibi mzima, anakimbia.

“Mwalimu yuko wapi? Mayu, mama yangu, mwalimu wenu yuko wapi?”

Marcelina alitoka na kijiko mkononi. Bibi alimweleza kwa Kinyamwezi kilichochanganyika na Kiswahili, kwa pumzi za kukatika. Apolinaria alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jana jioni. Yeye bibi amezalisha wanawake wengi, hakuwa na wasiwasi, ndiyo maana hakuja kumsumbua mtu. Lakini sasa amempapasa tumbo na amejua: mtoto amelala kingamo, kichwa hakiko chini. “Huyu si wangu mimi. Huyu anataka mikono ya Sista wa misheni.”

Misheni ilikuwa ng'ambo ya vilima. Gari likitoka huko lazima lizunguke barabara ya mjini ndipo lishike njia ya bwawani, na lori la kambi lilikuwa halirudi mpaka siku ya mwisho. Mwalimu alisema atawatuma wasichana wenye mbio wakaombe gari.

“Likifika hapa jua litakuwa limekwisha kuchwa,” alisema bibi. “Hatafika jua hilo.”

“Kuna njia fupi?”

“Ipo njia ya zamani, ya wapagazi. Inapanda kilima, inakata mbuga, inatokea mlangoni pa misheni. Lakini ni ya miguu. Na yeye miguu hana tena.”

Wasichana walikuwa wamekusanyika, nywele bado zina maji ya bwawa.

“Tumbebe,” alisema Zamda.

Hakusema kwa sauti ndogo, na hakutazama chini. Mwalimu alimtazama, kisha akamgeukia Lukumani, na wote wakamgeukia, kwa kuwa yeye ndiye mwanamume pale na mkubwa wao.

Mambo mengi yalimpita fundi kichwani. Hawa ni watoto wa watu. Mama huyu akiwafia mikononi, porini, atawaambia nini wazazi wao? Na binti yake mwenyewe, mabega yake si kitu, mabega ya kubebea vitabu. Angeweza kusema hapana, na hapana mtu ambaye angemlaumu. Lakini alimwona bibi yule, jinsi alivyosimama akikunja na kukunjua pindo la khanga yake, akingoja neno lake kama mtu angojaye hukumu.

“Zamda,” alisema, “nipe mkasi wangu. Na ninyi wawili, chukueni panga mkanikatie miti miwili iliyonyooka, mirefu, mibichi. Mikavu itavunjika.”

Alilishusha hema la kijani mwenyewe. Alidhani mkono wake utakuwa mzito, lakini haukuwa. Mkasi uliingia katika turubai, ukapasua upande mmoja mpaka mwingine, na kile kipande kipana akakikunja kingo zake mbili na kuzishona ziwe mifuko mirefu ya kupitishia miti. Alishona kwa uzi wa nta, mara mbili, kisha mara ya tatu, akivuta kila pigo mpaka kidole kikakatika. Wasichana walimzunguka wakitazama.

“Huu haufunguki,” alisema, akaukata uzi kwa meno. “Twendeni.”

Apolinaria alilazwa katika machela akiwa amefumba macho, jasho linamtoka kama aliyemwagiwa maji. Mwalimu alibaki kambini na wadogo, maana hawakuweza kuachwa peke yao. Alimshika Zamda bega akamwambia, “Wewe ndiye utakayewaongoza. Wanakusikiliza.” Lukumani alisikia na hilo pia.

Alikwenda mbele kushika mti, kama ilivyompasa mwanamume. Walipoinua, machela ikainuka upande wake, na Apolinaria akaguna akiteleza.

“Baba, teremsha,” alisema Zamda. “Teremsha taratibu. Baba, wewe ni mrefu mno. Ukibeba pamoja nasi, mama ataanguka.”

“Basi nitainama.”

“Utainama mpaka misheni?” Kisha, kwa upole zaidi, “Baba, tuchukulie mizigo. Na panga, utufungulie njia.”

Lukumani alikuwa hajapata kuamrishwa na mtoto wake. Lakini alichukua furushi la nguo za mama mzazi, kibuyu cha maji na sufuria, akajitwika, akashika panga, akatangulia. Nyuma yake alimsikia Zamda akiwapanga wenzake kwa kimo, wafupi mbele kwa sababu njia inapanda, warefu nyuma, kila mmoja na ngata ya khanga begani, na wengine pembeni wa kupokezana.

Njia ya wapagazi ilikuwa bado ipo. Miti ilikuwa imeifunika juu, nyasi zimeiziba pembeni, lakini chini ilikuwa imebonyea, ardhi ngumu kama sakafu, imekanyagwa na nyayo nyingi mno hata haikuweza kuzisahau. Fundi alikata matawi huku na huku, na kila alipogeuka aliiona machela inakuja. Bibi alitembea kando yake ameshika mkono wa mkwe wake, akimsemesha Kinyamwezi kidogo kidogo bila kuacha.

Walipofika juu ya kilima Josepha alijikwaa akapiga goti kwenye jiwe. Mti ukamponyoka begani, lakini mwenzake aliyekuwa pembeni aliudaka kabla haujagusa chini. Damu ilimchuruzika mguuni, na machozi yakaanza.

“Tupumzike kidogo,” alisema Lukumani. “Zamda, waache wakae.”

“Tukikaa hatutainuka, Baba. Tutapokezana tukiwa tunakwenda.” Alivua kitambaa chake cha kichwa akamfunga Josepha goti. “Unaweza kutembea?”

“Naweza.”

“Basi utaimba. Wewe una sauti. Sisi tunakosa hatua, ndiyo maana tunachoka.”

Josepha alifuta pua kwa kiganja. Alianza wimbo wa shule, lakini mwendo wake haukufaa. Ulikuwa wa kupiga makofi, si wa kutembea na mzigo. Zamda akamkatiza, akaanza wake, wa maneno aliyoyatunga pale pale, na wenzake wakaupokea.

“Tumebeba nini?”

“Watu!”

“Watu wangapi?”

“Wawili!”

“Tunawapeleka wapi?”

“Uzimani!”

Mguu ukakutana na mguu. Machela ikaacha kuyumba. Lukumani, aliyekuwa mbele na sufuria kichwani, aligundua kwamba hata yeye anakanyaga kwa wimbo ule. Akapaza sauti, sauti nene iliyokuwa haijaimba tangu ujana wake, akawa anaitikia nao: “Wawili!”

Mbuga ndiyo iliyowatia hofu. Juni ile maji yalikuwa hayajakauka. Palikuwa na dimbwi refu la matope meusi katikati ya nyasi, na njia ikaingia ndani yake ikapotea. Fundi alitangulia kupima kwa fimbo. Yalimfika kiunoni. Wasichana yangewafika kifuani.

Zamda aliyatazama maji kwa muda. Kisha akawaita wote, hata wale wa kupumzika. “Kila mmoja ashike. Hatutabeba begani, tutabeba kichwani. Bibi, umshike baba yangu mkono.”

Wakaingia. Matope yaliwameza mpaka magotini na juu yake maji, na kila hatua iling'oka kwa sauti ya kufyonza. Hapakuwa na wimbo tena, ila pumzi tu, na ile machela ya kijani juu ya mikono yao, inakwenda polepole juu ya maji kama kitu kinachoelea. Katikati ya mbuga Apolinaria alilia kilio kimoja kirefu. Msichana mmoja akasema hawezi tena, mikono yake imekufa.

“Unaweza,” alisema Zamda. “Mimi pia imekufa. Mguu tu. Leta mguu.”

Lukumani alikuwa amekwisha kumvusha bibi na amesimama ng'ambo, maji yanamchuruzika. Alimwona binti yake, matope mpaka shingoni, shingo imejaa mishipa, anautazama ukingo tu, wala hamtazami yeye. Alitaka kurudi majini akamsaidie. Hakurudi. Alijua kwamba akienda atavuruga, na kwamba yule anayekuja hamhitaji. Ilikuwa ajabu kwake kwamba jambo hilo halikumuuma, bali lilimjaza kifua.

Waliteremsha machela penye nyasi kavu, mara hii wote wakaanguka chini, na Zamda aliwaacha walale hivyo kwa muda mfupi kabla ya kuwainua.

Misheni walifika jua likiwa bado juu. Watu waliokuwa wakipura mtama uwanjani waliacha kazi wakasimama kutazama: mtu mrefu amejitwika sufuria na panga mkononi, nyuma yake wasichana weusi kwa matope kuanzia nywele mpaka nyayo, wamebeba mzigo begani na kuimba. Sista, mwanamke Mwafrika wa makamo mwenye mikono mikubwa, alitoka zahanati mbio. Alimpapasa Apolinaria pale pale machelani, akasema, “Mwingizeni,” na mlango ukafungwa.

Walikaa nje. Hakuna aliyekwenda kunawa. Josepha na Wakatoliki wawili walisali kwa sauti ya chini. Lukumani alitafuta maji akatawadha, akatandika khanga kavu iliyokuwa katika furushi, akasali adhuhuri iliyokuwa imekaribia kumpita. Alipotoa salamu alisikia mtoto analia ndani. Kilikuwa kilio cha hasira, cha mtu aliyeamshwa vibaya.

Bibi alitoka akiwa amejishika kichwa. Akapiga vigelegele, na wanawake wa uwanjani wakavipokea mpaka kanisani.

“Msichana,” alisema Sista alipotoka akifuta mikono. “Nimemgeuza kwa shida. Mama amechoka sana, lakini yuko hai na atakuwa hai. Mngechelewa kidogo tu nisingekuwa na la kufanya.” Aliwatazama wale waliolala huku na huku ukutani. “Nani aliyewaleta hawa? Ni wewe, mzee?”

“La, Sista. Mimi nilibeba sufuria.” Lukumani alinyosha kidole. “Aliyewaleta ni yule pale aliyelala amekumbatia magoti. Anaitwa Zamda binti Lukumani. Lukumani ndiye mimi.”

Alilisema jina hilo zima, taratibu, na akarudia tena kwa mkuu wa misheni alipouliza, na tena kwa wapura mtama, ambao hawakuuliza.

Ngollo alifika jioni, amepewa habari na vibarua, amekimbia njia nzima. Aliingia ndani, akakaa, akatoka macho mekundu. Akamwendea Zamda, akapiga goti na kumpa mikono miwili kama anavyopewa mtu mzima. Zamda akaona haya, akajificha nyuma ya mabega ya wenzake. Wakamsukuma mbele.

Walilala misheni. Asubuhi mkuu wa misheni aliwaambia kwamba gari lake litawachukua wasichana mpaka Tabora mjini, wapumzike kwao, na Mwalimu na wadogo watafuatwa baadaye. Lukumani alishukuru. Alikuwa amekwisha kuona jinsi watakavyoshuka Mtendeni mchana kweupe.

Zamda alimjia wenzake wakiwa nyuma yake. Mabega yao yalikuwa yamevimba, na hakuna aliyeweza kuinua mkono kujikuna.

“Baba, hatutaki gari.”

“Mnataka nini?”

“Kambi bado ina siku. Tulisema tutaugusa mwisho wa bwawa, chini ya kile kilima kingine, hatujafika. Na Mwalimu anatungoja.” Akaielekeza njia kwa kidevu. “Wewe ukichoka, panda gari, Baba. Njia tunaijua.”

Lukumani alimtazama binti yake. Alitazama na ile njia, iliyokuwa ikiteremka kutoka uwanja wa misheni kuelekea mbuga, ikimeremeta kwa umande.

“Nani amekwambia nimechoka?” alisema. “Wapange wenzako. Mimi nitakuwa nyuma.”

Zamda akawapanga, wakaanza kwenda.